Jina la Shimo la Mirihi

Kwa miaka minne Vrushali Gaikar aliishi na shimo moja la sayari ya Mirihi. Lilichimbwa na kimondo, upana wake kilomita thelathini, na hakuna aliyewahi kulipima kabla yake. Yeye alilipima kwa picha za vyombo vya angani, akiwa kwenye chumba chenye joto katika taasisi moja ya Pune, mpaka akaujua ukingo wake kuliko mitaa ya mji aliokuwa akiishi.

Shimo halikuwa na jina. Mashimo ya ukubwa ule hupewa majina ya vijiji na miji midogo ya hapa duniani, naye akapendekeza Karvandwadi, alikozaliwa baba yake. Mzee huyo, Sakharam, alipopigiwa simu hakuelewa mambo ya Mirihi, ila jina alilielewa. Kufika jioni, mtaa mzima wa wahamishwa alimoishi mzee ulikuwa na habari.

Profesa Pendharkar, msimamizi wake, akamwita.

"Hiki kijiji kiko wapi? Sijakiona kwenye ramani."

"Kiko chini ya bwawa, sir. Tangu kabla sijazaliwa."

"Basi hakipo. Kamati ya majina inataka mahali penye watu." Akamsogezea fomu iliyokwisha kujazwa. "Nimeweka Jalnagar."

Vrushali aliujua mji mdogo wa Jalnagar. Ulijengwa kwa ajili ya wahandisi wa bwawa lile lile, ukatiwa umeme na bustani wakati watu wa Karvandwadi wakilala kwenye mahema. Profesa alizaliwa pale. Baba yake alikuwa mhandisi mkuu. Lakini tasnifu yake ilikuwa inangoja kalamu ya mtu huyohuyo. Akatia sahihi.

Jumapili alipanda basi kwenda kwa baba. Majirani walikuwa wamejaa barazani na sahani ya peda, zile halua za maziwa. Akawaeleza yote, hata sahihi yake hakuificha. Hakuna aliyemlaumu. Waliaga mmoja mmoja, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Walipobaki wawili, mzee aliuliza, "Huko shimoni kuna nini?"

"Zamani kulikuwa na ziwa, Baba. Lilikauka."

"Lilichukua muda gani kukauka?"

"Maelfu ya miaka. Pengine zaidi."

Mzee alitazama upande liliko bwawa, akatikisa kichwa taratibu, akainuka kuzifunika peda ambazo hakuna aliyezigusa.