Kitanda cha Mashimba Kwenye Kitabu cha Wageni

Jumanne asubuhi, saa mbili kasoro dakika chache, Wilhelmina alifika kazini na chupa yake ya chai na mfuko wa vitumbua, akakuta getini foleni ya watu wawili na kitanda kimoja. Mlinzi, mzee Chenge, aliwaandikisha watu kwanza, kisha akahamia kwenye kitanda. Penye jina akaandika Kitanda. Anakotoka: Kisesa. Anakwenda kwa: Mama Wilhelmina. Penye sababu ya kuja alifikiri kidogo, akapuliza ncha ya kalamu, akaandika Binafsi.

"Shikamoo, mzee Chenge."

"Marahaba, mama. Una mgeni. Huyu wa mninga, tano kwa sita. Nimemwambia asimame pale penye kivuli cha jiwe, jua likipanda chaga zitakauka zipasuke."

"Wenyewe wako wapi?"

"Mashimba na mkewe? Wako ndani, wametangulia kwa gari. Yeye kaja akitembea. Wanasema kapita Buzuruga stendi ikiwa imejaa, na hakumgusa mtu hata na pembe ya chandarua."

Wilhelmina alikitazama kitanda. Kilikuwa na chandarua cha bluu kilichofungwa fundo juu, na mito miwili iliyogeuziana mgongo. Akakiitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu unayemfahamu kwa sura, akaingia ndani.

Ofisi ile ya ushauri nasaha ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu huko Ilemela, imebanwa katikati ya majabali mawili. Ndege ikipaa, watu walinyamaza. Ikishapita, waliendelea pale walipoachia. Vitanda vilianza kuja mwezi wa tatu. Kila kimoja kilimfuata mteja aliyekwisha kukaa na Wilhelmina mara tatu na kurudi nyumbani bila kusema kilichomleta. Mtendaji wa mtaa alikuja mara moja kuangalia. Alisema kituo alichotoka walisumbuliwa na makabati, na akaomba tu waache njia ya kutosha gari la wagonjwa.

Siku ile vilikuwa saba. Ukihesabu na kile cha nyuma ya tangi la maji, vinane. Hicho kilikuwa chembamba, cha futi tatu na nusu, kimetandikwa shuka la maua ya njano, na Chenge hakukiandika popote. Alisema kitabu ni cha wageni. Wilhelmina alikuwa akipita karibu nacho kila asubuhi huku akiutazama ukuta wa jirani.

Mashimba alikuwa na miaka sitini na mmoja, mfugaji, mtu wa mabega mapana aliyekaa na kofia magotini. Gladness, mkewe, alikaa kiti cha pili kutoka kwake. Kiti cha katikati kilibaki na mkoba.

"Karibuni, wakwe zangu," alisema Wilhelmina.

Hapo ndipo ilipokuwa shida yake, ingawa kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyeiona. Wilhelmina alilelewa Bujora, na mama yake alimfundisha kwamba mtu mzima asiyemjua, ampe heshima kubwa kuliko zote: amwite mkwe. Basi kila mteja aliyeingia alikuwa mkwe. Na mkwe, kwao, humpi mkono, humtazami usoni, na mambo ya chumbani huyatamki mbele yake hata nyumba ikiungua kuanzia huko huko chumbani. Kwa hiyo waliongea habari za mkaa. Waliongea ada, mawifi, mvua, na ng'ombe aliyevunjika mguu. Halafu Wilhelmina akajaza fomu, na kwenye kipengele cha tisa, Maelewano ya wanandoa, akaandika Shwari. Alikuwa ameandika Shwari hapo kwa miaka yote kumi na mitano, kwa watu walioishia kuachana, kwa watu waliohamia Geita kila mmoja na basi lake.

Walipoinuka kuondoka, Gladness alisema huku akitazama sakafu, "Jumamosi ukoo unakaa, mkwe. Kikao cha kutuachanisha. Tulikuja tukidhani leo utatuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Basi tu," akasema Gladness, akachukua mkoba wake.

Kitanda hakikuondoka nao. Kilibaki penye kivuli cha jiwe.

Kesho yake, Jumatano, mafunzo yakaanza. Mratibu, Yeremia, aliyaombea kibali baada ya vitanda kuziba choo cha wanaume. Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, washauri kumi na wawili kutoka kata mbalimbali, na barua ilisema wazi: Namna ya kuzungumza na mteja kuhusu masuala ya unyumba. Nusu ya washiriki walikunja barua mahali palepale wasisome mbele.

Mkufunzi aliitwa Mama Bhanumati. Alikuwa muuguzi mstaafu, mtoto wa mwenye duka la vitambaa mjini, na alikuwa amezalisha wanawake wa Mwanza miaka thelathini na sita mpaka wengine walimwamkia kwa kumwonyesha wajukuu. Alipofika alizunguka vile vitanda, akabonyeza godoro la kimoja, akauliza kipi kimekaa muda mrefu. Kisha akaingia ukumbini na kuandika ubaoni maneno matatu: Omba. Uliza. Nyamaza.

"Kwanza unaomba ruhusa," alisema. "Pili unauliza kwa maneno ya kawaida, siyo ya kanisani wala ya vichochoroni. Tatu unanyamaza. Hapo pa kunyamaza ndipo mnaposhindwa nyote. Hesabuni mpaka saba moyoni. Mteja wa Kisukuma, mpe kumi na nne."

Wakacheka, wakagawanywa wawili wawili. Mshauri Masalu wa Kisesa, bwana mnene mwenye kizibao, akawa mteja wa Wilhelmina.

"Mkwe wangu," Wilhelmina akaanza, "naomba ruhusa nikuulize. Je, huko nyumbani, usiku, wewe na mama... mkaa mnanunua gunia au kopo?"

"Kopo," alisema Masalu kwa uchungu.

Walirudia mara sita. Mara ya tatu aliuliza habari za paa, mara ya tano za chanjo ya kuku. Kila alipokaribia neno lenyewe, kooni kulitoka punje ndogo ya jiwe la Mwanza, lenye kumetameta, akaitemea kwenye kitambaa na kuendelea. Kufika saa sita zilikuwa zimejaa kisahani. Mama Bhanumati akavuta kiti.

"Mwanangu, huyu unamwitaje?"

"Mkwe."

"Amemuoa nani wa kwako?"

"Hajaoa mtu, mama. Ni heshima tu."

"Heshima umempa, na mdomo umemfunga. Wa kwake na wa kwako." Alizichota zile punje, akazipima kiganjani. "Huko kwenu, binti akitaka kuolewa, mambo haya anamweleza nani?"

"Bibi yake. Na mvulana, babu yake au bibi vilevile. Mjukuu na bibi wanataniana, hawaoneani haya."

"Basi kuwa bibi."

"Mimi nina hamsini na minne. Mashimba ana sitini na mmoja."

"Ukikaa kwenye kile kiti wewe ni bibi. Ukiinuka, rudi kwenye umri wako. Mimi nilikuwa shangazi wa wilaya nzima na sina ndugu hata mmoja."

Alasiri hiyo Wilhelmina alimwita Masalu mjukuu wangu, akauliza swali lote mpaka mwisho, na halikutoka jiwe. Masalu alijibu kwa kirefu kuliko zoezi lilivyotaka. Ikabidi Mama Bhanumati amkumbushe kwamba yeye ni mteja wa kuigiza, naye akasema anajua, ila amalizie tu.

Ijumaa saa nne, Mashimba na Gladness waliitwa. Ilikuwa imebaki siku moja kabla ya kikao cha ukoo. Kitanda kilisogea mpaka chini ya dirisha, kikasimama kimya. Mama Bhanumati alikaa kwenye kona na ufumaji wake.

"Karibuni, wajukuu zangu," alisema Wilhelmina.

Mashimba alimtazama mtu huyu, mdogo wake kwa miaka saba. Akageuza kofia yake mara mbili. Kisha, taratibu, yale mabega yakashuka, akakaa kama anavyokaa kijana jikoni kwa bibi yake, miguu mbele.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda hivyo, au mke mwenzangu hakupikii?"

Gladness alicheka kabla hajajizuia. "Nampikia, bibi. Ni yeye asiyekula."

"Sasa naomba ruhusa. Nataka kuwauliza habari za kitandani. Mkikataa, tutaongea mengine."

Hawakukataa.

"Mara ya mwisho kukutana kimwili ni lini, na tangu hapo kumetokea nini?"

Akanyamaza. Alihesabu saba. Ndege ikapaa, ikapita. Alihesabu kumi na nne. Alifika ishirini na mbili.

"Ni miaka miwili," alisema Mashimba, akiiambia kofia. "Tangu nianze vidonge vya presha. Mwili haunisikii, bibi. Nauita, hauitiki. Nikaanza kulala sebuleni, nasingizia mpira."

"Mpira gani unachezwa saa nane za usiku?" akauliza Gladness, ila sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mimi nilijua una mtu Magu. Nikajua nimekuchosha. Nikaacha hata kujipaka mafuta, nikasema najipakia nani."

"Magu sina hata mbuzi."

"Si ungesema, baba Kashindye."

"Ningesemaje? Daktari alisema punguza chumvi. Hilo lingine hakulisema."

Wilhelmina hakutikisika. Aliwaeleza, kwa maneno ya bibi, kwamba baadhi ya dawa za presha huweza kuleta hali hiyo, na presha yenyewe pia. Asiache vidonge hata siku moja kwa uamuzi wake. Arudi kwa daktari alitaje jambo hilo kwa jina, maana dawa ziko za aina nyingi, na yeye angempa barua. Kisha akawaambia kwamba kukaribiana kuna njia nyingi, na kwamba wajukuu wenye mikono minne kati yao hawawezi kukosa la kufanya wakati wakisubiri dawa ibadilishwe. Gladness alijifunika uso kwa kanga. Mashimba alisema, "Bibi huyu hana adabu," na akahamishia mkoba sakafuni, akakaa kiti cha katikati.

Dirishani palisikika mlio wa chaga. Chenge aliandika: Kitanda, Kisesa, ameondoka saa tano na robo. Penye maoni akaongeza: Mwendo mzuri.

Walipofika nyumbani walikikuta kimeshafika, kimejipanga mahali pake, mito imetazamana. Jumamosi ukoo ulikaa kama ulivyopangwa. Wazee walikula, wakauliza kesi ni ipi, Gladness akasema haikumbuki, wakaomba maji ya kunawa na kutawanyika.

Wiki iliyofuata Wilhelmina na Mama Bhanumati waliandika pendekezo: kipengele cha tisa kigawanywe, kiongezwe swali moja la unyumba, na mafunzo yafike kwa washauri wote na kwa wanaoandika dawa za presha. Barua ilikwenda juu. Jibu liliposhuka, Yeremia alilisoma akiwa amesimama. Lilishukuru kwa ubunifu. Lilisema swali hilo haliendani na maadili, fomu zibaki zilivyo, na mafunzo hayatarudiwa. Pamoja na barua lilikuja bango lililochapwa vizuri, jeupe kwa herufi nyeusi: VITANDA VISIMAME UPANDE WA KULIA. Chenge alilipigilia getini. Huko hospitali vidonge viliendelea kutolewa pamoja na habari ya chumvi.

Wilhelmina aliendelea kuandika Shwari kwenye fomu, kwa sababu nafasi ilikuwa ya neno moja, na yaliyosemwa akayaandika kwenye daftari lake mwenyewe. Katika vile vitanda saba, vitano vilirudi kwao. Vingine tisa vilikuja.

Mwezi mmoja baadaye Mashimba alikuja peke yake, amenenepa, amebeba sato wawili waliofungwa kwa majani na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwa Gladness. Alisema dawa imebadilishwa, na hali si ya ujana ila nyumba imechangamka. Alisema tangu azaliwe amewashukuru watu kwa ng'ombe, kwa mvua na kwa kumvusha mto, lakini kwa kuulizwa swali hajawahi kumshukuru mtu, na hajui linashukuriwaje, kwa hiyo wameleta samaki.

"Mmefanya vizuri," alisema Wilhelmina. "Asanteni, wajukuu zangu."

Mashimba hakuondoka. Alikuwa akiangalia nje, upande wa tangi la maji.

"Bibi, na hicho chembamba chenye maua ya njano ni cha nani?"

Wilhelmina alipanga michembe upya kikapuni. Utani wa mjukuu na bibi una pande mbili, na hilo hakulifikiria siku alipoukubali.

"Naomba ruhusa nikuulize," alisema Mashimba.

Kisha akanyamaza. Alikuwa mtu wa kuchunga, kunyamaza hakukumpa taabu. Ndege ikapaa, ikapita.

Wilhelmina aliinuka, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita," alisema. "Tulikuwa na kitanda kikubwa. Matanga yalipoisha mawifi walikibeba, wakaniletea hiki. Walisema mjane kinamtosha."

"Na wewe ulisemaje?"

"Hakuna aliyeuliza."

"Mimi nimeuliza, bibi."

"Nimesikia," alisema Wilhelmina. "Asante. Funga mlango, ni habari ndefu."

Nje, chaga zililia nyuma ya tangi. Chenge alitazama upande ule, akafungua kitabu, akakifunga tena. Halafu akakifungua, kwa sababu kutoka upande wa uwanja wa ndege kulikuwa na kingine kinashuka mlima polepole, cha chuma, cha ghorofa mbili, na kilikuwa kimeshaanza kuhamia kulia.