Mkono wa Jalada la Machi

Mimi Siham nimehariri jarida la mashoga hapa Beirut miaka kumi na tisa, na asiyependa kulisikia neno hilo azibe masikio. Nilianza na ukurasa mmoja tu: watu wetu watacheza wapi Ijumaa hii, nani ataimba, nani alivaa nini wiki iliyopita na akome kukivaa tena. Wakanitukana, wakanipenda. Mwisho nikakabidhiwa jarida zima, nikahamia ofisini na umbea wangu wote.

Sheria yetu ilikuwa moja: uso hatuchapi. Tunachapa viatu, migongo, mikono, pindo la gauni. Wadih, mpigapicha wetu, hakuisha kulalamika. "Dada Siham, magoti ya Beirut nzima nayajua, nyuso sizijui!"

"Goti halifukuzwi nyumbani," nikamwambia. "Piga magoti."

Jalada la Machi likawa mkono wa Munzer. Alikuwa kijana wa Saida, mji wa kusini, aliyehamia hapa Beirut, miaka ishirini na minne. Siku za kazi akiuza vitambaa, Ijumaa akipanda jukwaani na gauni la kijani na kuimba mpaka wenye roho ngumu wakatafuta leso. Nilimpenda kama mwanangu. Alinibembeleza mwezi mzima. "Mama Siham, na mimi nitokee japo mara moja. Mkono tu. Nani atanijua kwa mkono, jamani?"

Niliikagua picha ile mara kumi. Pete hakuna, saa hakuna, kovu hakuna. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani kidogo, nikaona kinapendeza. Nikaipitisha.

Jarida likatoka Alhamisi. Jumamosi saa nne asubuhi mtu akabisha hodi ofisini. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limenyooshwa kwa pasi, boksi la vitamu vya Saida mkononi.

"Salaam aleikum, mama. Naitwa Hassib. Nimeliona jarida lenu kwa kinyozi, nikasema lazima nije niwape hongera."

Kwa kinyozi! Mwongo mkubwa. Jarida letu linapita mkono kwa mkono, kwa kinyozi halijakanyaga. Hata hivyo nikamvutia kiti.

Akaliweka jarida mezani, na mkono wake akauweka kando ya jalada, taratibu, kama anayepima. Kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani.

"Kwetu sote tuko hivi," akasema. "Tumerithi kwa marehemu baba."

Kaka yake! Miaka yote hiyo naficha nyuso za watu, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba mkono nao una ndugu.

Sasa, sisi tuna desturi, na kila aliyepita ofisi hii nilimfundisha mwenyewe. Akija mtu kupeleleza, mkaribishe. Mpe kahawa. Kanusha kwa upole, usigombe. Usitoke, usiguse simu mpaka aondoke, maana utakayempigia ndiye anayemtafuta. Desturi hiyo imewaokoa watu wengi, wengine nawaona mpaka leo na wanakonda kwa mapenzi tu.

Basi nikapika kahawa.

"Picha tunanunua," nikasema. "Nyingine zinatoka nje huko. Huyu hata simjui."

"Bila shaka, mama. Ah, kahawa hii! Umetia iliki?"

Wadih, aliyekuwa meza ya pembeni, akainuka kuelekea mlangoni. Hassib akamfungulia boksi. "Kaka, unakwenda wapi? Kaa ule, bwana, nisile peke yangu kama mchawi." Wadih akanitazama. Nikamwashiria kwa jicho akae, akakaa.

Mtu yule akazungumza! Foleni ya barabara ya kusini, mizeituni ya mama yake, bei ya unga, kijana wa jirani aliyeoa mwanamke mrefu kuliko mlango. Akatuchekesha, Mungu anisamehe, nikacheka. Kikombe cha pili, kikombe cha tatu. Jina la Munzer hakulitaja, wala hakuuliza lolote juu ya ule mkono. Nami nikaanza kujisifu kimoyomoyo: mjinga huyu, nimeshamzungusha, atakwenda zake mikono mitupu na jioni nitamficha mwanangu kwa dada yangu mlimani.

Ikapita saa nzima na zaidi. Simu yake ikalia mara moja, mlio mfupi. Akasoma, akaifutika mfukoni, akasimama na kupangusa makombo kwenye shati.

"Ahsante kwa ukarimu, mama. Niliambiwa, nikaona kwa macho."

"Uliambiwa na nani?"

"Na mtu aliyewahi kuja kumtafuta wa kwao hapa. Alisema mtu akifika, hawa wanamkalisha, wanampa kahawa, na simu hawagusi." Akachukua jarida lake. "Mama yetu alimpigia mdogo wangu asubuhi, kwamba anaumwa sana. Akapanda gari saa ileile. Nilihofia wewe ungemwahi kwa simu akiwa njiani, ukamrudisha."

Wadih alikuwa amekwisha simama.

"Ameshafika," Hassib akasema, na akaufunga mlango nyuma yake kwa adabu, bila kuubamiza.

Nikaivamia simu. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Munzer! Mwanangu, toka hapo! Toka sasa hivi!"

Nilisikia chumba kimejaa wanaume, wanasalimiana kwa sauti ya chini. Mwanamke mzee alikuwa akilia, akisema, "Mliniahidi mtaongea naye tu." Kisha ufunguo ukazungushwa mara mbili, na simu ikakatwa.