Vichwa vya Asubuhi

Zamani, katika soko la Kibondo, wanawake wenye haraka walikuwa na mtu wao. Aliitwa Rosa. Alikaa kwenye kigoda nje ya duka la vitenge, chanuo limechomekwa kwenye kilemba, na jua likianza kupanda alikuwa ameshawahudumia karani wa ofisi, muuguzi wa zamu na mama anayewahi basi. Hakuwa msusi wa maharusi, wala wa rasta za kukalia kutwa nzima. Yeye alisuka watu wanaotakiwa kuondoka. Mabutu manne yaliyokazwa kwa uzi mweusi. Twende kilioni, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Na kama mteja amechelewa kupita kiasi, nywele zote nyuma, mafuta kidogo pembeni, fundo moja, "haya, kimbia mama." Chai ya jirani yake ilikuwa bado haijachemka, kichwa kimekwisha.

Uzeeni akahamia Kasulu kwa mjukuu wake Skolastika, mwalimu wa shule ya msingi, na huko ndiko usahaulifu ulikomkuta. Kwanza alisahau alipoweka miwani. Kisha akasahau kwamba ana miwani. Baadaye akasahau kwamba Skola ni mjukuu wake, mtoto aliyemlea mwenyewe tangu mama yake, Yustina, alipofariki. Siku nyingine alimwita dada, siku nyingine mama, siku nyingine hakumwita kitu.

Lakini alfajiri hakuisahau. Ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, Bibi Rosa aliamka, akafunga kilemba, akachukua chanuo na kwenda kutikisa geti.

"Wateja wananisubiri," alisema.

"Bibi, hapa ni Kasulu. Siyo Kibondo. Uliacha kusuka siku nyingi."

Kila Skola alipomwambia hivyo, yule mzee alilia. Alilia kama mtu aliyefukuzwa kazi siku hiyohiyo, na kesho yake akafukuzwa tena, na kesho yake tena. Skola alikuwa na chai ya kupika, sare ya kupiga pasi na daftari za watoto za kusahihisha. Alijaribu kufunga geti kwa kufuli. Alijaribu kuficha chanuo. Asubuhi moja, akiwa na sabuni bado masikioni na machozi yanamlenga yeye mwenyewe, alivuta mkeka, akaketi chini mbele ya miguu ya bibi yake na kusema tu, "Mama, mimi ni mteja. Nina haraka."

Uso wa Bibi Rosa ukatulia. Alikaa kwenye kigoda, akambana mabega kwa magoti yake, akainamisha kichwa cha mteja wake upande.

"Unawahi wapi?"

"Kazini."

"Basi usitikisike."

Kuanzia siku hiyo wakawa na asubuhi ya amani. Skola aliweka chai jikoni, akaja kukaa mkekani, na vile vidole vikavu vikaanza kutembea kichwani mwake. Bibi alimuuliza habari za safari, bei ya maharage, kama mume hampigi. Skola, ambaye hakuwa na mume, alijibu kwamba hampigi. Akimaliza kusukwa, bibi alimpapasa shavu na kumwambia aende salama, kisha akanywa chai yake na kwenda kukaa barazani kwa jirani yao, Mama Swaumu, mwenye duka la vyakula mbele ya nyumba. Huko alishinda vizuri mpaka Skola arudi kutoka shuleni.

Tatizo lilikuwa moja. Vidole vilikumbuka kazi, ila akili iliruka njiani. Bibi Rosa alianza twende kilioni upande wa kushoto, akafika katikati, akaamini kwamba mbele yake kuna mteja mwingine aliyeomba mabutu. Skola alitoka nyumbani hivyohivyo, nusu kilioni, nusu mabutu, na siku nyingine fundo moja limesimama juu ya utosi bila sababu. Muda wa kufumua haukuwepo. Na hata ungekuwepo, alishindwa kufumua kazi ya mtu aliyemwambia aende salama.

Watoto wa darasa la tatu walizoea kujaa dirishani kumsubiri. Msichana mmoja mwenye huruma alimwambia, "Mwalimu, leo umependeza upande huu."

Mwalimu mkuu, Venanti, hakuwa mtu mbaya. Alivumilia wiki nyingi. Halafu Ijumaa moja akamwita ofisini, akazungusha kalamu yake mezani.

"Mwalimu Skola, Jumatatu tunapokea wageni kutoka wilayani. Wataingia darasani kwako. Nakuomba kichwa kimoja, mtindo mmoja."

Skola alitaka kumweleza habari za mkeka. Alisema, "Sawa, mkuu."

Jumamosi alikwenda saluni karibu na soko, akasukwa rasta ndogondogo zinazofika mabegani. Alikaa humo kutwa. Jioni alipojitazama kwenye kioo alijiona ni yule Skola wa zamani, wa chuoni, na alifurahi, hakuna ubaya kusema hivyo. Rasta zile zingekaa mwezi mzima. Angeamka, angezikusanya kwa kibanio, angeondoka. Angelala kidogo zaidi asubuhi. Alikuwa amechoka jamani.

Jumapili alfajiri aliketi mkekani kama kawaida. Bibi Rosa akashika zile rasta, akazinyanyua, akaziachia.

"Wewe umeshasukwa," alisema kwa upole. "Mwite mwenzako."

"Hakuna mwingine, bibi."

"Mwite tu. Nitamngoja."

Alingoja asubuhi nzima na chanuo mkononi. Hakunywa chai. Skola alijiambia atazoea.

Jumatatu, Skola alipotoka bafuni, kigoda kilikuwa kitupu na geti liko wazi. Alidhani bibi yuko barazani kwa jirani. Mama Swaumu ndiyo kwanza anafungua duka; hakuwa amemwona.

"Mwalimu, we nenda kazini, mimi nitamtafuta," Mama Swaumu alisema. Alipomwona Skola uso ulivyokuwa, akashusha tena mlango wa duka. "Basi twende wote."

Waligawana njia. Mama Swaumu akashuka na ya msikitini, Skola akapanda na ya sokoni, kandambili zinateleza kwenye udongo mwekundu uliolowa. Aliuliza wauza mkaa, aliuliza bodaboda. Umemwona mzee mwenye kilemba cha bluu? Mmoja akasema ndiyo, amemwona, alikuwa anaulizia gari la Kibondo.

Gari la kwanza la Kibondo huondoka mapema. Alikimbia mpaka stendi, amevaa kandambili na gauni la kupokelea wageni.

Bibi Rosa alikuwa amekaa kwenye benchi la abiria. Katikati ya magoti yake, juu ya begi la nguo, alikaa msichana wa miaka kama saba, kainamisha kichwa, macho kayafumba. Nywele za yule mtoto zilikuwa nyingi, zimejaa usingizi na nyuzi za blanketi. Pembeni alisimama mama yake, kajifunga kitenge mabegani kwa baridi.

Skola alisimama mbele yao akihema. Alitaka kusema bibi twende. Badala yake akatazama vile vidole vikitembea.

"Ni mama yako?" yule mwanamke aliuliza.

"Bibi yangu. Samahani sana, dada. Anasahausahau."

"Hajasahau kitu," alisema yule mwanamke, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya mpakani. Jina lake lilikuwa Nduwayezu, ametoka Munanila, karibu na mpaka wa Burundi. Alieleza kwa sauti ya chini, mtoto asisikie vizuri. Alikuwa anampeleka binti yake Kibondo kwa dada yake, akae huko, aanze shule. Yeye mwenyewe alikuwa anasubiri kupasuliwa tumbo, na baada ya upasuaji hangeweza kulima wala kuinua ndoo, Mungu ndiye anayejua kwa muda gani. "Tumetoka nyumbani giza. Sikupata muda wa kumchana. Nilikuwa nimesimama hapa nafikiria, nampelekaje mtoto kwa watu na kichwa kama hiki, watasema hana mama. Ndipo huyu mzee akaja, akaniambia, leta huyo, gari bado."

Mtoto alifumbua jicho moja. "Hanivuti," alimwambia mama yake.

"Ukikaa kimya hutavutwa," alisema Bibi Rosa. "Unawahi wapi?"

"Kwa mama mkubwa."

"Ego, ndiyo. Basi lazima akuone umependeza."

Simu ya Skola ilianza kuita. Ilikuwa ya mwalimu mkuu. Alipokea, akasogea pembeni.

"Mkuu, bibi yangu alipotea, nimempata stendi. Leo nitachelewa. Labda nisifike kabisa."

Upande wa pili Venanti akasema, "Wageni wako getini, mwalimu."

"Najua. Nisamehe. Siwezi kumwondoa hapa kabla hajamaliza."

"Kumaliza nini?"

Skola akamwambia. Alimwambia yote, pale pale stendi, makondakta wakipiga kelele: alfajiri, mkeka, kilio, ule upande wa kushoto na ule wa kulia. Alipomaliza, mwalimu mkuu alikohoa.

"Darasa lako nitalishika mimi," alisema. "Mwangalie mzee."

Dereva alipiga honi. Kondakta akaja kumhimiza Nduwayezu, akaona kichwa kimebaki mistari miwili, akarudi kumwambia dereva neno. Gari likangoja huku injini inaunguruma. Siku hiyo akili ya Bibi Rosa haikuruka. Mistari yote ilitoka pajini, ikanyooka hadi kisogoni, na ncha zikafungwa kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la kitenge chake. Alimpapasa mtoto shavu.

"Nenda salama."

Nduwayezu alishika mkono wa bibi kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo. Alimtazama mwanawe kichwani, akamgeuza, akamtazama tena, kisha wakapanda.

Gari lilipoondoka Bibi Rosa alifuta chanuo kwenye gauni, akatazama benchi kulia na kushoto. Macho yake yakamfikia Skola.

"Wewe umeshasukwa, mama," alisema, kama anayeomba radhi.

"Waliniharibu," Skola akajibu. "Nataka nifumuliwe. Nataka unisuke wewe."

Walifumua nyumbani, uani, mpaka mchana. Mama Swaumu, aliyekuwa amezunguka mji mzima, alifika akatupa mtandio pembeni, akakaa na kushika upande wake bila kuuliza. Rasta zililundikana kwenye mkeka. Ilikuwa kazi ya kuchosha, vidole vinauma, wakaisogeza kidogokidogo kwa uji na maneno. Katikati ya kazi, Bibi Rosa alisema ghafla:

"Yustina, nywele za mtoto wako ngumu kama zako."

Skola hakugeuka. Akajibu taratibu, badala ya mama yake. "Anakusumbua?"

"Hanisumbui. Watu wanasema nilimchukua kwa huruma, hana mama. Siyo huruma. Nilikuwa naamka nyumba iko kimya. Alipokuja, nikapata kichwa cha kwanza." Alivuta rasta nyingine, akaanza kuifumua. "Nikimaliza chake ndiyo naenda sokoni. Mikono yangu inakuwa imeshapata moto."

Mama Swaumu aliinamisha uso. Skola aliacha machozi yashuke mpaka kidevuni, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.

Jioni ile Mama Swaumu alileta shauri. Binti yake Swaumu alisoma shule ya kulipia, ambako wasichana hufuga nywele na hutakiwa kusuka, na kila asubuhi nyumba yao ilikuwa vita. Kwa nini asije yeye kukaa mkekani? Kesho yake akaja. Keshokutwa akaja na rafiki yake wa nyumba ya pili. Wiki haikwisha, mama wengine watatu wa mtaa ule walikuwa wanaleta mabinti zao alfajiri, wamebeba mafuta na vitana. Bibi Rosa aliwapokea mmojammoja na kuwauliza wanawahi wapi. Pale akili yake iliporuka, Skola alikaa nyuma na kuunyoosha mstari, na wasichana walijifunza kutocheka. Skola mwenyewe alibaki kuwa kichwa cha kwanza. Shuleni, Venanti alimwondolea zamu ya kusimamia mstari wa asubuhi, na habari za nywele hakuzigusa tena.

Mvua za mwisho zilipokwisha, vidole vya Bibi Rosa vilianza kukataa. Aliweza kugawa nywele, akaweza kupaka mafuta, ila uzi ulimponyoka. Skola aliogopa kwamba wasichana wataacha kuja. Asubuhi moja ya baridi, Swaumu alifika peke yake, akaketi mkekani kama kawaida, akaegemea magoti ya mzee. Bibi Rosa aliweka viganja vyake viwili juu ya kile kichwa, akaviacha hapo, vimetulia.

"Unawahi wapi?" aliuliza.

"Shule, bibi. Ila bado mapema."

Skola alipiga magoti nyuma ya kigoda, akapitisha mikono yake chini ya mikono ya bibi, akaanza mstari wa kwanza.