Jina la Mkwe Juu ya Mlango

Haya nilisimuliwa na Yudith, binti wa Tusekile, mwaka 1974, tukichambua maharage kibarazani kwake Tukuyu, mvua imetuzuia kwenda shamba. Aliyasema kwa hasira kana kwamba yametokea juzi, nami nayaandika nilivyoyapokea.

Tusekile alikuwa mwalimu. Si mwalimu wa cheti, la; alifika darasa la nne kwa wamisionari, basi. Alipoolewa na Abrahamu huku milimani, alikuta wasichana wanalima, wanatafuta kuni, wanaolewa, wala hakuna hata mmoja ajuaye kuandika jina lake. Akakata mianzi, akasimamisha kibanda, akachukua mkaa na ubao wa mlango uliovunjika, akaanza na wasichana sita.

Baba mkwe wake aliitwa Somola. Kanisani alibatizwa Sedekia. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mkubwa, akikohoa watu wanaacha kucheka. Na kwetu Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, wala hatamki jina lake, hata akishakufa. Akisikia anakuja njiani anajitosa migombani mpaka apite. Tena si jina peke yake. Hata neno linalofanana nalo ni mwiko. Basi Tusekile, mwalimu mzima, hakuweza kusema "someni." Alisema "tamkeni." Wasichana wake wakazoea. Ukiwauliza mnakwenda wapi asubuhi hii, wanakujibu, "Tunakwenda kutamka." Watu wa vijiji vingine waliwacheka sana kwa hilo.

Mzee Somola hakuipenda shule ile. Alisema msichana akijua herufi kazi yake itakuwa kuwaandikia wanaume barua. Kwa kuwa hakuweza kusema na mkwewe, alimtuma mkewe, Bibi Marta, kupeleka makatazo. Tusekile aliyasikiliza amepiga magoti, akashukuru, na kesho yake akafundisha. Asubuhi moja akakuta kibanda hakipo, mianzi imekuwa zizi la ndama wa mzee. Akakata mingine. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, akakata mingine tena. Mwisho wanawake wenye mabinti wakaja kukandika udongo pamoja naye, na shule ikasimama.

Wasichana wawili walipofaulu kwenda shule ya kati, bwana shauri, mkuu wa wilaya, alikuja kutazama maajabu hayo. Nani aliketi kiti cha mbele? Mzee Somola, amevaa koti. Alipofariki mwaka 1955 kengele ya kanisa ililia siku mbili.

Mwaka 1957 ikaja habari kwamba shule itaandikishwa na kupewa jina la aliyeianzisha. Akatumwa karani, Liberatus, Mhehe wa Iringa, kijana mwenye adabu, kalamu sikioni, mila zetu hazijui hata moja. Akafikia kwa Jailos, kaka mkubwa wa Abrahamu, akamwita Tusekile amweleze shule ilianzaje. Tusekile alikuwa ameingojea siku hiyo miaka kumi na mitatu. Akaeleza mianzi, akaeleza mkaa, akawataja wale wasichana sita mmoja mmoja.

"Halafu akaja akaing'oa," akasema.

"Nani?" karani akauliza.

Tusekile akavuta kitambaa usoni, akageukia ukuta.

"Nani, mama? Nitajie niandike."

Jailos akacheka kidogo. "Huyo hawezi kumtaja, bwana karani. Ni marehemu baba yetu, Sedekia Somola. Ni heshima hiyo."

Jina likishatajwa namna ile, mkwe hakai tena. Tusekile akatoka, akasimama kando ya migomba akingoja kuitwa. Hakuitwa. Huko ndani Jailos aliichukua hadithi pale alipoiacha yeye, akaigeuza kama mtu anavyogeuza nguo iliyochakaa upande mmoja. Na yule karani, alipoona mwanamke amefunika uso, alidhani analia kwa kumkumbuka mwanzilishi. Akaandika hivyo. Tusekile aliporudi, chai ilikuwa imekwisha na daftari limefungwa.

Miezi mitatu baadaye kikaletwa kibao cha bati kutoka Mbeya, kikapigiliwa juu ya mlango: SHULE YA SOMOLA.

Tusekile alikasirika. Alitaka jina lake pale juu; mtu asiniambie hakulitaka. Na juu ya hilo, shule aliyoijenga kwa mikono yake sasa hawezi hata kuitaja. Ukimwuliza unafundisha wapi, itabidi aseme "pale."

Abrahamu alijaribu kumtuliza. Alisema ni jina tu, na baba ni baba wa wote.

"Ni baba yako," mkewe akamjibu. "Kwangu mimi ni mtu aliyenichukulia mianzi."

Siku ya kufungua kibao walikuja watu wengi, na mchungaji, na Liberatus mwenyewe. Jailos alivaa koti la marehemu. Nyimbo zilipokwisha, akasimama akasema kwa sauti tamu, "Sasa mwalimu wetu, shemeji yangu, atusomee kibao." Wanaume wakacheka. Walijua hawezi.

Tusekile akasimama. Akavua kitambaa kichwani, akakikunja, akakiweka kitini.

"Somola," akasema.

Wanawake wakashika midomo.

"Somola aliing'oa shule hii mara mbili. Mianzi yake iko kwenye zizi alilorithi Jailos, nendeni mkaitazame. Shule hii imeanzishwa na Tusekile binti Mwaipopo. Anayebisha asimame."

Hakusimama mtu. Liberatus alifunua daftari, akalifunika, akasema polepole kwamba karatasi zimekwisha kutiwa sahihi huko juu, na bati limekwisha kupakwa rangi.

"Basi karatasi yako inasema uongo," Tusekile akamwambia, "na mwandishi wake ni wewe."

Kijana wa watu akainama. Kibao hakikushushwa. Yudith aliniambia kingalipo, na rangi wanakipaka upya.

Jailos naye hakungoja watu watawanyike. Akadai ng'ombe wa kusafisha ukoo, maana jina la baba limetiwa uchafu kinywani mwa mkwe. Tusekile akasema hatoi hata kuku mpaka mianzi irudishwe, yote, kwa hesabu.

Jioni alipika ndizi kwa kelele, vyungu vinagongana. Abrahamu alikula, akajilaza mapema, uso ukutani. Ndipo akaingia Bibi Marta na fimbo yake, akaketi karibu na moto. Tusekile akajua laana imefika.

"Umemtaja mume wangu mbele za watu," Marta akasema.

"Nimemtaja, mama."

"Ukasema mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Ni mara tatu."

Tusekile akaacha mwiko chunguni.

"Ya tatu aliing'oa ulipokuwa ndani na uzazi wa huyu Yudith. Niliisimamisha mimi, peke yangu, mzee alipokwenda kwenye vikao vya kanisa. Siku nne nimebeba mianzi mgongoni. Wewe ulipotoka ukaikuta imesimama, ukaingia ukafundisha. Leo umeita watu wote wasikie jina lako." Akapiga fimbo chini. "Ukiamua kutaja, mwanangu, taja sawasawa."

Tusekile akamwuliza mbona hakusema miaka yote hiyo. Marta akamjibu kwamba hakuna aliyemwuliza, si karani, si yeye. Tusekile akamwuliza kama kesho atasimama aseme. Bibi akasema amechoka na wote, waliokufa na walio hai, apishwe alale. Akajinyoosha kwenye mkeka, na kabla chungu hakijashuka motoni akawa anakoroma.

Tusekile alimfunika blanketi. Akaketi akimkasirikia marehemu, akimkasirikia Jailos na karani, kisha akajikasirikia mwenyewe, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyochoma zaidi. Moto ulipopungua akajilaza ubavuni kwa mama mkwe wake, ngumi amezikunja kifuani. Zilikuwa zimekunjwa hivyohivyo usingizi ulipomchukua.