Kurasa Mbili za Profesa

Mtu anayemficha baba yake jambo miaka mitatu, halafu anampelekea yeye huyohuyo amchapie, ana akili gani? Binti hakuwa na pa kukimbilia. Fomu za kitivo cha sheria zilikuwa zinafungwa saa kumi jioni, na maduka mengine ya kuchapa yalikuwa na foleni mpaka barabarani. Akaingia dukani kwa baba yake, akamwekea karatasi mezani.

Fomu ilitaka maelezo ya kila aliyewahi kuadhibiwa kwa udanganyifu wa masomo. Yeye aliwahi. Insha yake ilikutwa na kurasa mbili zinazofanana neno kwa neno na za mwenzake wa darasani, waliyemwita Profesa. Akasimamishwa mwaka mzima, na nyumbani akadanganya kwamba amepata kibarua karibu na kwa shangazi. Na hakuwa amenakili hata mstari! Lakini sasa wakili mmoja alimshauri akubali kosa kwenye fomu na kujutia, maana kitivo hakipendi wabishi. Basi akaandika kwamba alinakili, huku roho inamuuma.

Vidole vya baba vilikwenda mbio, mara vikasimama.

"Insha ipi hii? Ile ya ardhi?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe, nilikuficha."

"Kurasa mbili?"

"Mbili."

Baba alivua miwani. "Mwanangu, zile kurasa niliziweka mimi."

Binti alidhani hakusikia vizuri. Baba akaeleza, jasho likimtoka. Chai ilimwagikia mwandiko wa binti, kurasa mbili zikawa hazisomeki, na kesho yake asubuhi ndiyo siku ya kukusanya kazi. Insha ya Profesa, mada ileile, naye alichapiwa hapohapo dukani, ilikuwa bado kwenye kompyuta. Akaziba pengo kwa kurasa zake mbili, kama alivyowazibia wateja wengi tu, akijiona anawasaidia.

"Nilijua utaisoma kabla ya kuipeleka," alisema.

Hakuisoma. Tangu shule ya msingi baba ndiye aliyemchapia kila kitu, na hakuwahi kumharibia. Binti alipigwa na butwaa. Mwaka mzima wa aibu, kumbe uliandaliwa hapa hapa, kwenye kiti hiki!

"Nitaandika barua, nigonge na muhuri wa duka," baba alisema haraka haraka. "Watajua huna kosa, mama. Huna kosa hata chembe."

Hapo ndipo binti alipokaa sakafuni na sketi yake ya kuendea kwa wakubwa. Profesa naye alishtakiwa kwa kurasa zilezile, na alikuwa na onyo la awali. Yeye hakusimamishwa, alifukuzwa moja kwa moja.

"Baba, mimi niliwaambia nimemwona."

"Umemwona nani?"

"Profesa. Anatoka chumbani kwangu bwenini na kurasa zangu. Niliapa mbele ya kamati nzima ya nidhamu."

"Na hukumwona."

"Nilikuwa na uhakika ni yeye! Nani mwingine angeweza?"

Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Baba alifuta yote aliyokuwa amechapa, akavaa miwani, akarudisha vidole mahali pake.

"Haya, sema," alisema. "Nitachapa utakavyosema. Safari hii siongezi wala sipunguzi."

Binti alifungua mdomo. Kitu pekee kilichomjia ni uso wa Profesa siku ile, alipokuwa akimsikiliza yeye anaapa, wala hakubisha.