Anwari na Senene Wasiokuwepo

Mtu akiniambia binamu yangu Anwari, ninayesoma naye darasa moja, hana akili, tutagombana hapohapo. Akili anazo, tena nyingi. Shida yake ni woga: akiwekewa mtihani wa hesabu mbele yake, jasho linamtoka na kila kitu kinafutika kichwani. Mwalimu Mwijage alishamwambia kwamba akifeli tena muhula huu, anamtoa mchepuo wa sayansi. Na mwenyewe anataka kuwa injinia wa meli pale bandarini Kemondo! Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia.

Jumapili kabla ya mtihani tulikuwa nyumbani Nyanga na bibi, tunanyonyoa senene, wale panzi tunaowala sisi Wahaya, sinia zima. Kwa uchokozi tu nikamtupia swali la logarithi. Akajibu. Nikamtupia jingine, gumu zaidi. Akajibu, huku anang'oa mbawa, wala hakuinua macho. Mawe, mama yangu! Huyuhuyu Anwari?

"Wewe," nikamwambia, "mikono yako ikiwa na kazi, woga haukupati. Kesho kabla ya kuandika, nyonyoa kwanza."

"Safina, ninyonyoe nini? Niingie na senene kwenye mtihani?"

"Nyonyoa hewa, bwana!"

Kesho yake akafanya kweli. Karatasi iko mezani, na chini ya meza vidole vinang'oa miguu ya senene wasiokuwepo. Mwalimu Mwijage akamwendea mbio, akidhani anaibia.

"Unafanya nini huko chini?"

"Nanyonyoa senene, mwalimu. Wa kufikirika tu. Naogopa."

Darasa zima likaangua kicheko. Nikajua basi, amekwisha.

Mwalimu hakucheka. Aliviangalia vile vidole kwa makini, kama Mhaya yeyote anavyomwangalia mtu anayenyonyoa vibaya.

"Mbawa umeziacha," akasema. "Malizia, halafu uandike. Na ninyi wengine, kimya!"

Akaenda kukaa mbali kabisa. Anwari akacheka peke yake, akashika kalamu, na hakuiweka chini mpaka kengele ilipolia.

Jana matokeo yametoka: Anwari sabini na moja! Nilimrukia shingoni mbele za watu, aibu baadaye. Mimi nimepata hamsini na nane, maana swali zima la mwisho sikuligusa. Nilikuwa namwangalia yeye anavyoandika. Mama ameniuliza kwa ukali nilikuwa nawaza nini. Nimemwambia ukweli, kwamba nilikuwa nafurahi.