Tangazo Lililokwama Foleni

Hakuna aliyempongeza. Tangu asubuhi fundi wa kompyuta alikuwa ameketi kwenye chumba chake, kilichokuwa stoo ya mafagio kabla seva haijahamishiwa humo, akitega masikio kila viatu vilipopita koridoni. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile zuri, maana mtu hapokei sifa akiwa amevaa ovyo ovyo. Sifa hazikuja. Alikuja mfanya usafi, akaomba ndoo yake.

Ilikuwa ofisi ya wasanifu majengo, na humo walimwita Binti Waya. Mwenyewe, chini ya barua zake, alijiandika Mhandisi Mkuu wa Mawasiliano, ingawa mhandisi mdogo wa kuongozwa naye hakuwapo, na ukuu wenyewe ulikuwa bado kwenye majaribio. Majaribio yalikuwa yanaisha wiki hiyo. Mkurugenzi angeamua kama binti anabaki kazini au anarudi kwa mama yake kula bure.

Ndiyo maana akatunga kanuni. Wachoraji walikuwa na mtindo wa kutuma ramani nzito nzito mchana kweupe, intaneti ikakabwa koo, na mhasibu akituma barua ya mistari miwili ikawa inajikokota nusu siku. Binti Waya akaiagiza seva: barua pepe zote zenye kiambatisho kizito zikae foleni hadi jioni, watu wakishatoka, ndipo ziende kwa zamu, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Akaiwasha kanuni asubuhi hiyo, kisha akawaandikia wafanyakazi na wateja wote tangazo la kuieleza. Na tangazo lilikuwa tangazo! Lilikuwa na vielelezo vya rangi, mishale, na picha yake mwenyewe ameegemea seva, mkono kiunoni. Picha hiyo aliirudia mpaka mlinzi aliyeshikishwa simu akalalamika bega linauma.

Na bado, kimya.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliingia mama yake mdogo, katibu wa mkurugenzi, ambaye ndiye aliyempigia debe hadi akapata kazi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Iache kwanza hiyo shikamoo. Mzee katuma ramani za zabuni ya hospitali kabla ya chakula cha mchana, na wenyewe wanapiga simu hawajaona hata ukurasa. Mwisho wa kupokea ni saa kumi. Unajua sasa hivi saa ngapi?"

"Labda mitambo yao ndiyo imelala," Binti Waya alisema, akaipa sauti uzito wa kitaalamu. "Huko kwingine hawana watu wenye ujuzi."

"Angalia."

Akaangalia. Ramani za hospitali zilikuwa palepale kwenye seva, zimejikunyata katikati ya ramani nyingine za siku nzima.

"Aa, kumbe zinasubiri jioni. Sasa hapo, mama mdogo, msinilaumu mimi. Kila kitu nimekieleza kwenye tangazo. Watu wa ofisi hii hamsomi."

"Tangazo gani?"

"La asubuhi."

"Barua za Mzee zote nafungua mimi. Tangazo sijaliona."

Binti Waya akatabasamu kwa huruma, kama daktari mbele ya mgonjwa mbishi, akaipandisha orodha ili amwonyeshe lilivyoondoka. Halikuwa limeondoka. Lilikuwa juu kabisa, la kwanza kwenye foleni: Jinsi ya Kutuma Barua Nyepesi. Uzito wake ulizishinda ramani za hospitali, na hospitali yenyewe ilikuwa ya ghorofa.

Tabasamu likamkauka mdomoni. Mkono ukaruka wenyewe, akaizima kanuni. Foleni ikaanza kusogea, tena kwa utiifu ule ule aliojivunia: wa kwanza ni wa kwanza. Tangazo likaanza kwenda kwa wateja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na nakala yake, kila nakala na mkono wake kiunoni. Ramani zikabaki nyuma zikingoja.

Koridoni zikasikika hatua nzito.

"Huyo Mzee," mama mdogo alinong'ona. "Nitamwambia mtambo umeungua. Wewe nyamaza tu, jifanye unahangaika."

Ilikuwa rahisi. Kuhangaika alikuwa anahangaika kweli. Lakini mtambo uliosemwa umeungua ungepaswa kuzimwa, na ukizimwa ramani haziendi.

"Mtambo ni mzima," Binti Waya alimwambia mkurugenzi alipotokeza mlangoni. "Ramani zako nimezizuia mimi, kwa kanuni yangu. Na mbele yake kuna tangazo langu la kanuni hiyo. Nalo lilikuwa limezuiwa."

Mkurugenzi akasoma kichwa cha habari kwenye skrini. Akasoma na uzito wake. "Futa," alisema.

Akalifuta, pamoja na rangi, mishale na jasho la mlinzi. Intaneti ikapumua, na ramani zikaondoka. Watatu hao wakasimama wakitazama simu ya mkurugenzi hadi ikalia.

"Ndiyo… Zimefika zote? Ahsanteni sana." Akasikiliza kidogo. "Nani? Dada aliyeegemea kabati?" Akamgeukia Binti Waya, akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye gauni la bluu. "Hapana, hayumo kwenye zabuni. Huyo yuko kwenye majaribio."

Alipokata simu, akayaongeza majaribio mwezi mmoja. Mama mdogo akashukuru kana kwamba mtoto kapandishwa cheo.

"Na hiyo kanuni," mkurugenzi alisema, "ni nzuri. Nenda ukawaambie wachoraji. Sasa hivi. Kwa mdomo."

Chumba cha wachoraji kilikuwa hatua chache tu kutoka stoo ile. Binti Waya akasimama kati ya meza zao, akaeleza kwa pumzi moja, na wote wakaelewa.

"Sasa dada," mchoraji mkuu aliuliza, "si ungetuambia hivi tangu asubuhi?"

"Nilitaka tangazo lipendeze," alisema.

Wakacheka mpaka penseli zikadondoka, naye, kwa kukosa pa kujificha, akainama kuziokota.